Mali bila daftari: santuri za Dinu Lipatti

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuisikia methali hii ikihusishwa na duka, ada za chama au michango ya harusi. Safari hii, ndugu wasomaji, tunaipeleka mahali ambapo pengine hamkuitarajia: kwenye santuri za mpiga piano mmoja wa muziki wa kale wa Ulaya. Wanachama waliozoea kututaka tuandike juu ya taarabu watuvumilie kidogo. Tutafika huko, na njia tutakayopita ni ya kweli.

Mpiga piano huyo ni Dinu Lipatti. Alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1917, akafariki Geneva tarehe 2 Desemba 1950 akiwa na umri wa miaka 33. Baba yake wa ubatizo alikuwa George Enescu, mtungaji mkubwa kuliko wote waliotokea Romania. Mwaka 1933 Lipatti alishika nafasi ya pili katika mashindano ya piano ya Vienna. Mmoja wa waamuzi, Alfred Cortot, aliona kijana huyo amedhulumiwa, akajitoa katika jopo kwa kupinga. Lipatti akaenda Paris kusoma kwa Cortot na kwa Nadia Boulanger. Wakati wa vita, mwaka 1943, aliondoka Romania akahamia Uswisi, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chuo cha muziki cha Geneva. Huko ndiko maradhi yalikomwanza, nayo yakaja kujulikana kuwa ni saratani ya tezi za limfu.

Mwaka 1946 alitia saini mkataba na Columbia, lebo mojawapo ya kampuni ya EMI ya London. Msimamizi wake alikuwa Walter Legge. Alirekodi katika studio ya Abbey Road mwaka 1947 na 1948, na kila mara ratiba ilipangwa kwa kufuata afya yake. Mara nyingi ilibidi ifutwe. Mwanzoni mwa kiangazi cha 1950 madaktari walimpa kotisoni, dawa iliyokuwa mpya wakati ule, naye akapata nafuu ya muda. EMI haikungoja aje London. Iliwapeleka mafundi na mitambo hadi Geneva, na katika mwezi huo mmoja wa Julai wakarekodi walzi 14 za Chopin, Partita ya kwanza ya Bach, sonata ya Mozart na vipande vingine. Tarehe 16 Septemba alipiga tamasha lake la mwisho katika mji wa Besançon, Ufaransa. Alikusudia kuzipiga walzi zote 14. Alipofika ya 13 nguvu zikamwishia. Alisimama, akatoka, kisha akarudi na kupiga kipande kifupi cha Bach badala ya walzi iliyobaki. Miezi miwili na nusu baadaye alifariki.

Rekodi zote alizofanya studioni unaweza kuzisikiliza kwa jioni moja, na hazitaongezeka. Ndiyo maana tumemchagua yeye. Urithi ukiwa mdogo kiasi hicho, mtu angedhani kuutunza ni kazi rahisi: sanduku moja, kabati moja, ufunguo mmoja. Haikuwa hivyo.

Kwanza tueleze santuri yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa baada yake. Hadi miaka ya mwisho ya 1940 muziki ulichongwa juu ya sahani laini. Sahani hiyo ilitumika kutengenezea sahani ya chuma, na kutoka kwenye chuma hicho ikatengenezwa nyingine, kisha nyingine, hadi kufikia muhuri wa kupigia chapa santuri za kuuza. Mafundi waliziita sahani hizo za chuma kwa majina ya ukoo, baba na mama. Santuri za kuuza zilifanywa kwa mchanganyiko wenye gomalaka, ile ile ya wadudu wa Bara Hindi ambayo maseremala wetu wa pwani wanaijua kwa kung'arishia samani. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika nne hivi, au tano kwa shida. Konseto ya Schumann, ambayo Lipatti aliipiga na okestra kwa karibu nusu saa, ilibidi ikatwe vipande vya dakika nne nne, na msikilizaji alikuwa akisimama kugeuza sahani katikati ya wazo la mtungaji.

Anayetaka kutoa upya rekodi kama hizo ana kazi tatu. Ya kwanza ni kutafuta chanzo kilicho karibu zaidi na siku ya kurekodi. Ile sahani ya chuma iitwayo mama inaweza kupigwa kwa sindano, nayo haina mikwaruzo ya santuri iliyopita nyumba kumi. Ya pili ni mwendo. Santuri ikizungushwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6 hivi, muziki wote hupanda nusu sauti, na utungo unakuwa umepigwa kwa ufunguo ambao mpigaji hakuugusa. Tena unakwenda mbio, na watu wakamsifu marehemu kwa wepesi ambao ni wa mashine. Ya tatu ni usafi, na hapo ndipo mafundi wanapogombana hadi leo.

Kompyuta inaweza kuondoa mlio wa mwasho unaosikika nyuma ya santuri ya zamani. Lakini sauti ya piano ina sehemu za juu zinazokaa pale pale mlio huo ulipo. Ukifuta mmoja unafuta na nyingine. Matokeo yake ni piano safi iliyokufa, kama samaki aliyeoshwa hadi ladha ikaisha. Ndiyo maana wasikilizaji wa siku nyingi hupendelea toleo lenye kelele kidogo kuliko lililosuguliwa. Tena kuna vitu vya kutunza ambavyo si muziki. Katika rekodi ya Besançon, kabla ya kuianza Partita ya Bach, Lipatti anasikika akipitisha vidole juu ya piano, noti chache tu, kama mtu anayepiga hodi. Hazimo katika utungo wa Bach. Mhariri anayependa unadhifu angeweza kuzikata na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa kuwa hazikukatwa, leo tunasikia jinsi mpiga piano wa zamani zile alivyokuwa akiingia kazini, desturi ambayo imekuwa nadra katika kumbi za siku hizi.

Basi, chuma kimetunzwa, mwendo umepimwa, kelele zimepunguzwa kwa adabu. Bado daftari.

Katikati ya miaka ya 1960 EMI ilitoa santuri ya Konseto ya kwanza ya Chopin, ikitangaza kuwa mpigaji ni Dinu Lipatti. Kwa wapenzi wake ilikuwa kama kupata barua mpya kutoka kwa marehemu. Okestra na kiongozi wake hawakutajwa, kwa kuwa hawakujulikana. Hilo peke yake lilipasa kumfanya mtu asite: konseto haipigwi na mtu mmoja, na mahali ambapo hakuna aliyeandika jina la okestra nzima, jina la mpiga piano limeaminiwa kwa ushahidi gani? Lakini watu walitaka iwe kweli. Santuri ikauzwa, ikapendwa, ikakaa katika makabati kwa miaka kama 15.

Mwaka 1981 redio ya BBC iliitangaza. Msikilizaji mmoja nyumbani kwake akasema: hii ninayo, lakini yangu ina jina jingine. Wakalinganisha. Ilikuwa kweli. Mpigaji alikuwa Halina Czerny-Stefańska wa Poland, pamoja na okestra ya Czech Philharmonic chini ya Václav Smetáček, katika rekodi iliyotolewa na kampuni ya Supraphon ya Chekoslovakia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye ikapatikana rekodi ya kweli ya Lipatti akiipiga konseto hiyo hiyo Zurich, tarehe 7 Februari 1950, na okestra ya Tonhalle chini ya Otto Ackermann. Sauti yake si nzuri, lakini ni yeye.

Kisa hiki husimuliwa sana, na mara nyingi kwa kicheko: tazama wataalamu walivyodanganyika. Sisi tunaomba kisimuliwe kutoka upande wa pili. Czerny-Stefańska hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1949, katika mashindano ya Chopin mjini Warsaw, alishika nafasi ya kwanza pamoja na Bella Davidovich wa Umoja wa Kisovieti. Alikuwa hai mwaka 1966, alikuwa hai mwaka 1981, na aliishi hadi 2001. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakiisikiliza kazi ya mikono yake na kumlilia mwanamume mwingine. Aliyekufa aliongezewa; aliye hai akapunguziwa. Waswahili wana neno fupi kwa hali hii: asiyekuwapo na lake halipo. Yeye hakuwapo kwenye soko la London. Alikuwa Mashariki ya Ulaya, nyuma ya mpaka ambao santuri zilivuka kwa shida na majina kwa shida zaidi.

Na kuna jambo la kutufikirisha sisi tunaosoma fasihi na muziki darasani. Katika ile santuri hakuna noti hata moja iliyobadilika kati ya siku ya kabla ya tangazo la BBC na siku ya baada yake. Kilichobadilika ni lebo. Waliosikia ndani yake huzuni ya kijana anayejua kwamba atakufa walikuwa wakisikia walichokisoma kwenye jalada. Jina linatangulia sikio. Kwa hiyo anayeandika jina anafanya kazi kubwa kuliko anayefuta kelele, ingawa wa pili ndiye hulipwa zaidi na kusifiwa kwenye jalada.

Tazameni pia ni nani aliyelirekebisha daftari. Hakuwa mkurugenzi wa kampuni, alikuwa msikilizaji mwenye kabati lake na kumbukumbu yake. Hali ni hiyo hiyo kwa mpiga piano mwingine aliyefariki kijana, William Kapell wa Marekani. Alikufa Oktoba 1953, akiwa na miaka 31, ndege iliyokuwa ikimrudisha kutoka Australia ilipoanguka karibu na San Francisco. Katika ziara hiyo ya mwisho redio ya Australia ilitangaza baadhi ya matamasha yake. Mjini Melbourne kulikuwa na mwanamume aliyefanya kazi ya kuuza katika duka kubwa, na nyumbani alikuwa na mashine ya kuchongea sahani. Alikuwa akirekodi aliyoyapenda kutoka redioni. Sahani zake zilikaa nusu karne kabla ya kuifikia familia ya Kapell, na mwaka 2008 kampuni ya RCA ikazitoa katika CD mbili. Humo mna tungo ambazo Kapell hakuwahi kuzirekodi studioni. Muuza duka asiyejulikana na mtu alikuwa ameweka akiba ambayo kampuni kubwa haikuwa nayo.

Baada ya jina kuna swali la mwenye mali. EMI yenyewe haipo tena kama zamani: iliuzwa mwaka 2012, na hazina yake ya muziki huu ikaangukia mikononi mwa Warner mwaka uliofuata. Lakini hapa Uingereza santuri zilizotolewa enzi za Lipatti zilimaliza ulinzi wa kisheria baada ya miaka 50, kwa hiyo kampuni yoyote ndogo inaweza kuzitoa upya. Mwaka 2013 muda ulirefushwa hadi miaka 70, ila zilizokwisha kuwa huru zikaachwa huru. Marekani ni kinyume: kwa sheria ya mwaka 2018, santuri iliyotolewa mwaka 1950 inalindwa hadi mwisho wa 2060. Mwanachama wetu aliye London na nduguye aliye Chicago wanasikiliza walzi ile ile; kwa mmoja ni mali ya umma, kwa mwingine bado ina mwenyewe.

Uhuru huo una faida na hasara. Faida ni kwamba fundi mmoja mwenye sikio zuri, katika chumba chake, anaweza kutengeneza toleo bora kuliko la kampuni. Hasara ni kwamba mwingine anaweza kuchukua CD ya mwenzake, akaisugua, akaibandika jalada jipya lisilosema sauti imetoka wapi. Mnunuzi hajui kama anasikia chuma, gomalaka au nakala ya nakala. Ukiona toleo jipya la rekodi ya zamani lisilotaja tarehe, mahali na chanzo, rudisha pesa yako mfukoni.

Sasa tufike kule tulikoahidi. Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, yenye lebo ya HMV, ilimsafirisha Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodi taarabu kwa Kiswahili. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia, na muungano huo ndio ulioitwa EMI, kampuni ya Lipatti. Kwa hiyo Siti na Lipatti ni watoto wa nyumba moja: mashine za aina moja, gomalaka moja, dakika zile zile chache kwa kila upande. Wametofautiana katika kutunzwa. Waltz za Lipatti hazijapata kukosekana sokoni kwa muda mrefu, na kila kizazi cha mafundi huzisafisha upya. Santuri za Siti ulizozishika kwa mkono wako ni ngapi? Wengi wetu tunamjua kwa picha, kwa hadithi na kwa kitabu cha Shaaban Robert kuliko kwa sauti yake.

Hatulii ngoa. Tunasema tu kwamba ubora wa msanii hautoshi. Lipatti hakutunzwa kwa sababu alikuwa mpigaji bora peke yake. Alitunzwa kwa sababu palikuwa na sahani za chuma, namba zake katika daftari la kampuni, tarehe za kila kikao, na watu waliobishana juu ya kila kosa. Pale daftari lilipokosekana, hata yeye, pamoja na umaarufu wake, alibandikwa kazi isiyo yake.

Na muda hausubiri. Mwaka 2015 maktaba ya taifa ya hapa, British Library, ilitangaza mpango wa kuokoa sauti zake, ikaonya kuwa imebaki miaka 15 hivi kabla ya kanda nyingi kushindikana kupigwa, ama kwa kuharibika zenyewe, ama kwa kukosekana mashine na watu wanaojua kuzitengeneza. Hesabu hiyo inaishia 2030. Kanda za kaseti zilizoko chini ya vitanda vya wazazi wetu, Muscat, Leicester au Mombasa, hazina mpango wowote. Ni harusi, maulidi, vikundi vya taarabu vilivyorekodiwa kutoka redioni, sauti ya bibi akitoa hadithi. Si kila moja ni hazina, na hatudai hivyo. Ila hakuna anayeweza kujua ipi ni hazina kabla haijaandikwa.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama jambo dogo wakienda likizo. Kabla ya kutafuta mashine, tafuteni kalamu. Kwa kila kanda andikeni mambo manne: nani anasikika, wapi, lini, na nani aliyerekodi. Waulizeni wazee wakiwa bado wapo, na jina la aliyewaambia liandikwe pia. Ikifika siku ya kuhamishia kwenye kompyuta, hifadhini nakala moja kama ilivyo, na kelele zake zote. Kama mnataka kusafisha, safisheni nakala ya pili. Msifute lile bomba la taarabu linalokatizwa na saa ya redio, wala sauti ya mtu anayesema washa, imeshaanza. Hizo ndizo noti za Besançon za kwetu.

Na pale msipojua, msikisie. Ukidhani ni sauti ya mwimbaji maarufu lakini huna uhakika, usiandike jina lake kwa sababu unatamani iwe yeye. Andika "hajulikani", weka tarehe ya leo na sahihi yako. Nafasi iliyoachwa wazi mtu anaweza kuja kuijaza. Jina lisilo sahihi lilikaa juu ya kazi ya Czerny-Stefańska kwa miaka 15, tena katika kampuni kubwa, mbele ya masikio ya dunia nzima. Kwenye kaseti ya nyumbani litakaa milele, kwa kuwa hakuna BBC itakayoitangaza ili jirani aseme, hii ninayo.